“Dawa ya nano” ya saratani: Ya kweli iko zahanati, siyo mnadani

Ujumbe wa baba mmoja wa Ngara ulinifikia usiku. Mke wake alipapasa uvimbe kwenye titi, wakaenda hospitali, akachukuliwa kinyama, na majibu yaliporudi yalisema ni saratani. Akapewa rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza. Kabla hawajafunga safari, siku ya mnada, baba huyo alikutana na kijana mwenye kipaza sauti na meza iliyojaa chupa. Kijana alimweleza kwamba siku hizi kuna dawa ya “nano”, chembe ndogo sana zinazoingia mwilini na kuitafuta saratani popote ilipojificha, bila kisu, bila mionzi, bila nywele kunyonyoka. Dozi ya kuanzia ni chupa tatu.

“Ndugu mwandishi,” akaandika, “nina ng’ombe wawili tu. Niwauze twende Mwanza, au ninunue hii nano kwanza tuone?”

Nilimjibu usiku uleule kwa maneno manne: uza ng’ombe, nendeni Mwanza. Akashukuru, kisha akauliza swali la pili ambalo halikutosha maneno manne. “Kwa hiyo hiyo nano ni uongo?”

Si uongo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Muuza chupa hakulitunga neno hilo. Amelisikia mahali, labda kwenye simu, na habari aliyoisikia ina mizizi ya kweli. Kuna watafiti duniani wanaotumia chembe ndogo kupita kiasi kubeba dawa, na hasa protini, hadi kwenye uvimbe wa saratani, ama kuuonyesha kwenye picha ama kuushambulia. Kilicho cha uongo ni kilichomo kwenye chupa. Ili msomaji wa Ngara na wa Biharamulo aweze kuvitenganisha viwili hivyo siku atakapokutana na kipaza sauti, inabidi tueleze nano yenyewe ni kitu gani, imefika wapi, na ipi tayari ipo karibu naye.

Udogo wake ni wa namna gani?

Chukua mita moja, igawe mara bilioni moja. Kipande kimoja ni nanomita. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe nyekundu ya damu, ile ambayo kimelea cha malaria hujificha ndani yake, ina upana wa nanomita 7,000 hivi. Chembe nano za kubebea dawa mara nyingi huwa kati ya nanomita 10 na 200. Kwa ukubwa huo zinapita kwenye mishipa midogo kabisa ya damu bila kuziba, lakini nyingi ni kubwa kiasi cha kutochujwa na figo na kutoka kwenye mkojo mara moja.

Sasa protini. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria maharage, dagaa, na kwa watu wa Kagera, senene. Lakini ndani ya mwili protini ndizo zinazofanya kazi karibu zote. Insulini ni protini. Kingamwili zinazopambana na maradhi ni protini. Kwa hiyo wanasayansi wamekuwa wakijiuliza kwa miaka mingi: kwa nini tusitumie protini kama dawa ya saratani, kwa kuwa zina uwezo wa kutambua kitu kimoja tu na kukiacha kingine?

Kikwazo ni usafirishaji. Tumbo halijui kutofautisha protini ya dawa na protini ya maharage, vyote linavimeng’enya. Ndiyo maana mtoto mwenye kisukari cha kutegemea insulini huchomwa sindano, hapewi kidonge cha kumeza. (Kwa sababu hiyohiyo, mtu akikuuzia chupa ya kunywa akidai ina protini za nano za kutibu saratani, muulize imelipitaje tumbo.) Ukiichoma kwenye damu nayo ina safari ngumu: kuna vimeng’enya vinavyoikatakata, kuna figo zinazoichuja ikiwa ndogo, na kuna mfumo wa kinga unaoweza kuiona kama mgeni na kuipiga. Hata ikinusurika, seli ya saratani imezungukwa na ukuta mwembamba wa mafuta ambao protini kubwa haiwezi kuupenya yenyewe.

Mkulima wa ndizi wa Ngara anaielewa shida hii bila kusoma biolojia. Mkungu mzuri si tatizo. Tatizo ni kuufikisha sokoni haujapondeka. Chembe nano ni ufungashaji.

Mfano mmoja unawagusa wazazi moja kwa moja. Watoto wenye saratani ya damu aina ya leukemia hupewa, pamoja na dawa nyingine, protini inayoitwa asparajinesi. Hutolewa kwenye bakteria. Kazi yake ni kuondoa kwenye damu kirutubisho kimoja, asparajini, ambacho seli nyingi za leukemia hushindwa kujitengenezea. Seli za kawaida zinajipikia chakula hicho. Za leukemia zinakufa njaa. Lakini protini hiyo haidumu mwilini, hivyo mtoto alipaswa kuchomwa mara kadhaa kwa wiki, na wengine walipata mzio mkali. Watafiti wakaivisha koti la kemikali laini linaloizuia isikatwe na isitambuliwe upesi. Mwaka 1994 toleo hilo lenye koti liliidhinishwa Marekani, na sindano moja ikaanza kufanya kazi ya wiki mbili hivi. Koti hilo si chembe nano kwa maana kamili ya neno, lakini wazo ni lilelile: dawa ni ileile ya zamani, kilichobadilika ni namna ya kuisafirisha.

Dhahabu iliyobeba protini

Watu wa Biharamulo wamekaa na dhahabu kwa miaka. Mgodi wa Tulawaka, ambao baadaye ulichukuliwa na kampuni ya serikali ya STAMIGOLD, uko kwenye ardhi yao. Basi huenda wakapendezwa kusikia kwamba moja ya majaribio ya mwanzo kabisa ya kupeleka protini kwenye uvimbe wa binadamu kwa chembe nano yalitumia dhahabu.

Kuna protini ya mwili iitwayo TNF, iliyopewa jina hilo kwa sababu ilionekana kuua uvimbe kwa wanyama wa maabara katika miaka ya 1970. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa kwa kuichoma kwenye mshipa, ilileta balaa: shinikizo la damu lilishuka vibaya hata kwa dozi ndogo. Watafiti wa Marekani wakaibandika TNF juu ya vipunje vya dhahabu vya nanomita 27 hivi, wakavifunika kwa koti kama lile la asparajinesi. Dhahabu ilichaguliwa kwa sababu haili kutu na haigombani na mwili. Mwaka 2010 walichapisha matokeo ya wagonjwa 29 waliokuwa na saratani zilizosambaa. Walivumilia dozi ambazo protini hiyo ikiwa peke yake ingewaangusha, na vipande vya nyama vilivyochukuliwa kwenye uvimbe vilipotazamwa kwa darubini yenye nguvu, punje za dhahabu zilionekana mle ndani.

Mafanikio, lakini ya kiasi. Jaribio lile lilikuwa la kupima usalama. Hadi leo dhahabu ile haijawa dawa ambayo daktari anaweza kukuandikia, iwe Mwanza au Marekani kwenyewe. Na kwa kuwa wachimbaji wadogo nao husoma gazeti hili, niseme wazi: vumbi la dhahabu la machimboni halina uhusiano wowote na tiba hii, na zebaki inayotumika kuikamatia dhahabu ni sumu ya ubongo na figo, hasa kwa mama mjamzito na watoto.

Kwa nini mambo yanakwenda polepole? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walikusanya tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama, wakauliza swali rahisi: katika dawa yote ya nano iliyochomwa, ni kiasi gani hufika kwenye uvimbe? Jibu la kati lilikuwa asilimia 0.7. Yaani katika kila chembe 1,000, ni saba tu. Nyingine nyingi hunaswa na ini na bandama, ambavyo kazi yake ya kila siku ni kusafisha damu. Nawakumbusha wasomaji takwimu hiyo kila ninaposikia mtu akisema nano “inaitafuta saratani yenyewe”. Haina macho. Inabebwa na damu kama takataka nyingine yoyote, na mara nyingi inaishia kwenye dampo.

Zilizofika hospitalini

Pamoja na ugumu huo, zipo zilizovuka. Ya kwanza kabisa ina hadithi inayoihusu Kagera kwa uchungu. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983. Wazee watakumbuka ugonjwa huo ukiitwa “Juliana”. Pamoja nao iliongezeka saratani ya Kaposi, ile ya madoa ya zambarau kwenye ngozi, miguu inayovimba na vinundu mdomoni. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa ya zamani ya kemo, doksorubisini, ikiwa imefungwa ndani ya viputo vya mafuta vya nanomita 100 hivi, kwa ajili ya wagonjwa hao hao wa Kaposi wenye Ukimwi. Ndiyo dawa ya kwanza ya saratani ya kinano kuidhinishwa huko. Viputo viliupunguzia moyo madhara ya dawa. Lakini bei yake iliwekwa kwa mifuko ya huko, si ya huku, na familia nyingi za Kagera zilizika ndugu zao bila kulisikia jina lake. Kilichopunguza Kaposi kwetu ni ARV, na hadi leo mgonjwa wa Kaposi mwenye VVU anaanzia hapo: ARV kila siku, na kemo pale daktari anapoona inahitajika.

Ya pili ni ya 2005. Dawa ya paklitakseli, ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya titi wanaifahamu kwa jina la dripu lake refu, ilishikanishwa na albumini, protini iliyojaa tele kwenye damu yetu, zikawa chembe za nanomita 130 hivi. Hapa protini si mzigo, ni gari. Faida yake kubwa ni kuondoa kile kiyeyushio kinachosababisha mzio kwenye paklitakseli ya kawaida. Ile ya kawaida bado ni dawa nzuri, na mgonjwa anayeipata hajapewa kitu cha hovyo.

Kwenye upande wa picha, albumini hiyohiyo inafanya kazi ya busara. Mama akiwa na saratani ya titi, daktari wa upasuaji anataka kujua kama imefika kwenye tezi za kwapani. Zamani tezi zote ziliondolewa, na wanawake wengi wakabaki na mkono unaovimba maisha yao yote. Sasa katika vituo vyenye vifaa, vipunje vya albumini vya chini ya nanomita 80 vilivyotiwa teknesiamu, kitu chenye mionzi hafifu inayokwisha baada ya muda mfupi, huchomwa karibu na uvimbe. Vinasafiri hadi kwenye tezi ya kwanza vinayokutana nayo na kukwama hapo. Kamera maalumu inaiona, daktari anaitoa tezi hiyo na pengine chache za jirani, zinapimwa. Zikiwa safi, nyingine zinaachwa. Kazi hii inahitaji kitengo cha tiba ya nyuklia, kama kilichopo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Si kila mgonjwa anaihitaji, na asiyeipata hajakosa tiba. Mikono ya daktari, ultrasound na kipimo cha kinyama bado vinafanya kazi kubwa.

Nitaje na protini moja isiyobebwa na chembe yoyote, kwa sababu inamhusu mke wa msomaji wetu. Baadhi ya saratani za titi, kama moja katika kila tano, zina vipokezi vingi mno viitwavyo HER2. Kingamwili ya kutengenezwa iitwayo trastuzumabu huvishika vipokezi hivyo na kuisimamisha saratani. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Ni ghali, na si kila saratani ya titi inaitikia. Lakini huwezi kujua kama inakufaa bila kipimo cha vipokezi kwenye kinyama. Hakuna chupa ya mnadani inayokuuliza kuhusu vipokezi.

Nano ambayo mwanao ameshachomwa

Nije sasa kwenye jambo ambalo muuza chupa hakulijua. Kwenye jokofu la chanjo la zahanati za Ngara na Biharamulo, sasa hivi, kuna protini zilizopangwa katika umbo la chembe nano, na kazi yake ni saratani. Hazitibu. Zinazuia, na zinafanya hivyo vizuri kuliko chembe yoyote niliyoitaja hadi hapa.

Ya kwanza imo kwenye chanjo ya Penta, anayochomwa mtoto akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne. Ndani yake kuna kinga ya homa ya ini B, virusi vinavyoweza kukaa kimya mwilini kwa miongo kisha vikaleta saratani ya ini. Kilichomo si kirusi. Ni protini ya ganda lake tu, inayotengenezwa kwa hamira, na protini hizo hujikusanya zenyewe kuwa vipunje vya nanomita 22 hivi.

Ya pili ni chanjo ya HPV, inayozuia saratani ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, saratani hii huwapata wanawake zaidi ya 10,000 kila mwaka hapa Tanzania, na zaidi ya 6,000 hufariki. Kirusi cha HPV hakikubali kuoteshwa kirahisi maabara, jambo lililowakwamisha wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1991, Ian Frazer na Jian Zhou, wakiwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walionyesha kwamba protini za ganda la kirusi hicho zikitengenezwa peke yake zinaweza kujipanga zenyewe kuwa mpira mdogo unaofanana na kirusi kamili. Mpira mmoja una protini 360 na upana wa nanomita 55 hivi. Ndani ni mtupu. Hakuna chembe za urithi za kirusi, kwa hiyo hauwezi kuzaliana wala kuleta ugonjwa. Lakini askari wa kinga wakiuona umepangwa vile, protini ileile ikijirudia mstari kwa mstari, wanajua huyu ni adui na kumkumbuka kwa miaka. Protini hiyo ikielea mojamoja hawashtuki hivyo. Umbo la chembe ndilo linaloleta tofauti.

Nimesikia, na mzazi unayesoma umesikia pia, kwamba chanjo hii inafunga kizazi. Swali la kizazi si la kijinga kwa mzazi wa binti, na halistahili kujibiwa kwa kukemewa. Chanjo haina homoni. Haina kitu kinachofika kwenye mayai ya uzazi. Imetumika duniani tangu 2006, na waliochanjwa miaka ile wakiwa wasichana leo ni akina mama wenye watoto wao. Kinachoharibu kizazi ni saratani yenyewe, maana tiba yake ikichelewa mara nyingi ni kukiondoa kizazi au kukichoma kwa mionzi.

Wala hatukuletewa ushahidi wote kutoka ng’ambo. Mwanza, mji uleule anakokwenda mke wa msomaji wetu, ulifanyika utafiti uliowahusisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV. Matokeo yake, pamoja na yale ya Kenya yaliyofuatilia wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, yalichapishwa 2022 na kuonyesha kwamba dozi moja inatosha kujenga kinga imara. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja. Tanzania, iliyokuwa imeanza kutoa chanjo hii nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14, ilihamia dozi moja Aprili 2024 na kushusha umri hadi miaka 9. Haiuzwi. Binti wa miaka 9 hadi 14 ambaye hakuipata shuleni anaweza kuipata kituo cha afya.

Chanjo hiyo haimsaidii mama ambaye tayari ana saratani, wala haiondoi virusi ambavyo mtu ameshavipata. Kwa mama wa miaka 30 hadi 50 kuna kipimo cha mlango wa kizazi kinachofanyika kwa siki: nesi anapaka, anasubiri dakika moja, anatazama kama pamebadilika rangi kuwa peupe. Akiona dalili za awali huweza kutibiwa kabla haijawa saratani.

Mtoto akivimba taya

Niongeze jambo nje kidogo ya nano, kwa kuwa ukanda wetu wa ziwa unalijua. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Mwaka 1961 alifunga safari ndefu ya gari kuufuatilia, akipita hospitali za Afrika Mashariki na kusini, na akaona unatokea pale palipo joto na mvua, yaani palipo na malaria nyingi. Leo tunaiita limfoma ya Burkitt. Inakua kwa kasi kuliko karibu saratani nyingine zote za binadamu. Wiki mbili za kusubiri ni nyingi mno. Mtoto mwenye taya linalovimba, meno yanayolegea bila sababu ya umri, au tumbo linalokua haraka asipelekwe kung’olewa meno wala kuchanjwa chale. Vilevile mtoto ambaye mboni ya jicho inang’aa nyeupe kwenye mwanga au kwenye picha ya simu. Burkitt ikiwahiwa inaitikia dawa za kawaida za kemo kwa namna inayomshangaza hata daktari, na dawa hizo si mpya wala za ajabu. Bugando inawatibu watoto hawa, na mtandao wa Tumaini la Maisha umekuwa ukisaidia tiba ya saratani za watoto nchini ili mzazi asirudi nyumbani kwa kukosa fedha.

Kabla ya kupanda basi

Kwa baba wa Ngara nilimwandikia orodha fupi, na ninaiweka hapa kwa yeyote aliye kwenye hali kama yake, iwe rufaa imeandikwa Murgwanza, Rulenge au Biharamulo.

Beba karatasi ya majibu ya kinyama, na uulize kama kipande chenyewe, kile kilichohifadhiwa kwenye nta, kinaweza kwenda pamoja nanyi. Kitawaokoa kuchukuliwa kingine. Beba orodha ya dawa zote, na za kienyeji uzitaje bila aibu, kwa kuwa baadhi huumiza ini na kuharibu mpango wa kemo. Mkifika, ulizeni saratani ni ya aina gani na imefika hatua ya ngapi. Ulizeni kuhusu vipokezi vya homoni na HER2. Ulizeni tiba itaanza na nini, itachukua miezi mingapi, na mtalala wapi katikati. Fedha zikiwa tatizo, tafuteni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, si siku ya kuruhusiwa. Na mtu yeyote akitaja utafiti wa dawa mpya, nano au nyingine, mwombe karatasi ya maelezo na ridhaa. Utafiti halali wa tiba hauuzi dawa kwa mgonjwa; unampa, unamfuatilia, na anaweza kujitoa wakati wowote.

Safari yenyewe imepungua kidogo ugumu. Kutoka Ngara basi linapita Benaco, Lusahunga, Biharamulo na Geita, na tangu Juni 2025 hakuna tena kungoja kivuko cha Busisi, daraja limefunguliwa.

Baba yule aliniandikia tena baada ya siku tisa. Ng’ombe mmoja ameuzwa, wa pili anasubiri. Mkewe ameonwa, majibu ya vipokezi yanangojwa, na wamepata pa kulala kwa shangazi yake. Nikamuuliza kuhusu watoto. Ana binti wa darasa la tano. Je, alichanjwa HPV? Akasema ngoja aulize nyumbani. Jibu lilikuja jioni: ndiyo, shuleni, Aprili 2024, mkono wa kushoto, na kadi ipo.